Nyumba za wafanyakazi: kambi ilituchanganya, loyeri inatuachanisha

Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wengi wetu tulizaliwa mu nyumba ya kampani. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilijenga kambi ili mufanyakazi alete bibi na watoto, asirudie mu mugini. Muluba, Mubemba, Mulunda, Musonge: wote avenue moja, robinet moja. Lakini tusidanganyane. Kampani ilichanganya makabila, haikuchanganya wakubwa na wadogo. Nyumba ilifuata grade ya mutu, na Wazungu walikaa mbali kabisa. Gécamines nayo, nyuma ya 1967, iliendelea vilevile.

Leo kampani nyingi hazijengi tena kambi. Wakubwa wanalala mu base vie yenye kufungwa. Mwenye mukataba anapanga karibu na barabara ya lami. Yule wa sous-traitance, mwenye kufanya kazi ile ile mu shimo lile lile, anasukumwa kule maji hayafike. Loyeri njo inapanga watu sasa, na inapanga vikali kuliko kampani.

Tena kuna kuhamishwa. Pa Kasulo, mu Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu mu 2014. Mu 2017 familia mamia zikatoka. Watu wa avenue moja wakatawanyika. Na mupangaji, asiye na karatasi ya parseli, atadai nini?

Juu ya nini tunauliza komini, wala si kampani tu? Sababu makuta iko. Kwa sheria ya madini ya 2018, mu kila franga 100 za redevance minière, 15 zinapashwa kufika ku komini, shefri ao sekteri kwenye madini yanatoka. Hayo si zawadi ya mutu. Komini inaweza kuomba parseli zipimwe, kusaidia kupitisha maji na barabara mbele ya watu kujenga, kisha zigawanywe: kwa mwenye mukataba, kwa wa sous-traitance, kwa mucreuseur, kwa mujane. Tusikubali paka kartie moja ya maskini mbali ya muji, hata kama wanaipaka rangi nzuri.

Burgumestri akitayarisha budjeti, tumuombe atuonyeshe redevance iliyoingia, na mustari wa parseli ndani yake. Kama mustari ule hauko, wawakilishi wa sendika na wakubwa wa avenue waende pamoja kumuuliza, mbele budjeti haijasainiwa.