Tundu moja likivunjika, kazi yote inasimama

Masisi na Walikale: Katika wilaya hizi mbili, kompyuta nyingi za mkononi haziuawi na uzee. Zinauawa na tundu la chaja. Tundu linaanza kulegea, waya unashikiliwa kwa kidole, kesho unafungwa kwa kipande cha mpira, na siku moja taa haiwaki tena. Ripoti za kituo cha afya, pointi za wanafunzi au orodha ya familia zilizokimbia vita zimo ndani, lakini hakuna anayeweza kuzifikia.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa mkaaji wa Nyabiondo au Pinga, kipuri cha bei ndogo kinadai safari kubwa, kwenye barabara ya matope na vizuizi, na usalama usioaminika.

Kosa linaanza siku ya kununua. Wengi wanauliza memori na kutazama kioo. Wachache wanageuza mashine na kuangalia ubavu wake. Chaja nyingi za zamani zina ncha ya duara, na upana wake unatofautiana kampuni kwa kampuni. Hata chaja ya jirani ikiingia vizuri, volti zake zikizidi zinaweza kuunguza mashine.

Tundu la USB-C, lile bapa lenye kona za mviringo lililotoka mwaka 2014, linapunguza taabu hiyo. Chaja na mashine hupatana kwanza juu ya volti, ndipo umeme mkubwa unapita. Kwa wanaotegemea jua, faida ni kubwa zaidi. Betri ya sola ya volti 12 inaweza kulisha mashine hiyo kupitia chaja ya gari yenye USB-C. Mashine ya ncha ya duara mara nyingi inahitaji inveta: volti 12 zinapandishwa hadi 220, kisha chaja inazishusha tena hadi karibu 19. Kila hatua inakula betri. Ila mnunuzi asidanganyike na umbo: matundu mengine ya USB-C yanapitisha data tu. Achaji mashine mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya chaja moja mwaka 2022. Simu mpya zinaifuata tangu tarehe 28 Desemba 2024, na tarehe ya kompyuta za mkononi ni 28 Aprili 2026. Sheria hiyo haifiki kwetu. Mashine za ncha za zamani zitakazoachwa huko zinaweza kuishia katika masoko yetu kama mtumba, au katika shule zetu kama msaada.

Linalouma ni hili. Tundu linashikwa kwenye ubao wa mashine kwa lehemu, na lehemu ya kisasa isiyo na risasi karibu yote ni bati. Bati linatoka katika kasiterite, na kasiterite ya Bisie, wilayani Walikale, inajulikana duniani kote. Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, inatoa tantali ya kapasita ndogo zilizo ndani ya simu na kompyuta. Udongo wetu unashikilia mashine za dunia, lakini kijana wa hapa hana chuma cha kulehemu wala mtu wa kumfundisha kukishika.

Mashirika na wafadhili wanaogawa kompyuta wasiishie kwenye picha ya makabidhiano. Pamoja na mashine walete chaja za akiba, matundu ya akiba, kipimo cha umeme na mafunzo kwa vijana wawili au watatu wa mahali hapo. Shule za ufundi ziweke kazi hiyo katika masomo yake. Na mwenye mashine asiibebe ikiwa na chaja ndani, asivute waya, na kila juma anakili kazi yake kwenye flashi inayolala mahali pengine.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wilaya inayochimba bati haipaswi kushindwa kulehemu tundu.