Dola za uandishi wa teknolojia zipo, njia ya kuzipokea ndiyo imebanwa

Kila jukwaa la chama tawala kijana anaambiwa neno moja: jiajiri. Sawa, makamanda, leo tuzungumzie kazi moja ambayo haihitaji mkopo wa halmashauri wala barua ya mwenyekiti wa mtaa: kuandika makala za teknolojia kwa majarida na kampuni za nje zinazolipa kwa dola.

Kazi ipo. LogRocket, kampuni ya Marekani inayohudumia watengenezaji wa programu, imekuwa ikitangaza malipo ya hadi dola 350 kwa makala moja ya mwandishi wa nje. Smashing Magazine la Ujerumani nalo hulipa wanaoandika kuhusu kutengeneza tovuti. Kama wewe si mtu wa programu, kuna Rest of World, jarida la mtandaoni lililoanza 2020, linaloandika jinsi teknolojia inavyogusa maisha ya watu nje ya nchi za Magharibi. Hao ni sisi. Dola 300 ni zaidi ya laki saba za kwetu, na kuna walimu wa kujitolea kibao ambao hawajawahi kuishika hela hiyo kwa mwezi. Milango hii hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo soma kwanza ukurasa wao wa maelekezo kwa waandishi kabla hujaanza kuchapa.

Tusidanganyane, mambo yamebana. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, makala ya "jifunze HTML kwa dakika kumi" haina soko tena. Mhariri sasa anataka kitu ulichokijenga, ukakiharibu na kukitengeneza mwenyewe, au kitu unachokiona wewe na yeye hakioni. Na hapo ndipo Mtanzania ana mali. Mhariri wa London hajui control namba ni nini. Hajui kwamba mwaka 2014 mitandao yetu ilianza kuruhusu mtu wa Tigo amtumie pesa mtu wa Airtel moja kwa moja. Hajui Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, na wakala wa mtaani kwako anakumbuka vizuri wateja wake walifanya nini. Nenda kaongee na huyo wakala. Hiyo ni makala.

Usitume makala nzima. Tuma pendekezo: aya mbili au tatu zinazosema habari ni nini, kwa nini sasa, utaongea na nani, na kwa nini wewe. Weka viungo vya kazi zako mbili. Wakikubali, kiasi cha malipo na lini watalipa viandikwe kwenye barua pepe kabla hujaanza. Na yule wa kwenye grupu la WhatsApp anayekuambia "tuma elfu kumi ya usajili upate kazi ya kuandika", mpige bloku. Mhariri wa kweli hakutozi kiingilio.

Sasa tuje kwa wanaotuambia tujiajiri.

Hizo kazi mbili za kuonyesha utaziweka wapi? Mwaka 2018 serikali ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Baadaye walizipunguza, lakini waliokwisha kufunga blogu zao hawakurudi wote. Wahariri wengi wanapatikana X, na X ilifungwa hapa nchini Mei 2025. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwandishi aliyetakiwa kutuma kazi siku hiyo angemwambia nini mhariri wake? Bando ninalo, nchi ndiyo imezimwa?

Halafu malipo. Kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kununua na kutuma, si kupokea. Mkenya anapokea, na tangu 2018 anahamishia hela yake M-Pesa. Kijana wa Namanga upande wa kule analipwa, wa upande huu anaomba akaunti ya rafiki. Wengine tunapita Payoneer hadi benki, makato juu ya makato, na kuna wateja wasiotaka usumbufu huo. Wanatafuta mwandishi mwingine.

Tunajua PayPal ni kampuni binafsi na haiwezi kulazimishwa. Lakini serikali inayojisifu kwa diplomasia ya uchumi inaweza kukaa nayo mezani. Waziri wa Fedha na Benki Kuu watuambie hadharani: ni sharti gani limekwama, limekwama upande wa nani, na limepangiwa tarehe ipi?