Wingi wa Samaki si Wingi wa Kitoweo

Wakulima wenzangu, katika ofisi ya kilimo ninakofanya kazi ya ukarani huja watu wengi wanaotaka vifaranga vya samaki wakavitie katika bwawa la kijiji. Wakiulizwa kwa nini wamemchagua tilapia wa Nile, hujibu, "Kwa sababu huzaa sana." Neno hilo ni kweli, nalo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mjue kwanza jinsi anavyozaa. Dume huchimba kiota mfano wa sahani, mahali penye maji ya kina kifupi. Jike hutaga mayai humo, kisha huyaokota na kuyaweka kinywani mwake. Maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa kwa siku chache, na mama huendelea kuwalinda wanawe kinywani mpaka waweze kuogelea na kujilisha. Basi mayai yake ni mamia tu, si maelfu kwa maelfu kama ya samaki wengine, lakini watoto wanaopona ni wengi. Katika nchi zenye joto huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na binti zake huweza kuanza kuzaa wakiwa na miezi mitano au sita, kabla hawajafikia ukubwa wa kupelekwa sokoni.

Sasa tufanye hesabu, maana nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Tuseme chakula kilichomo bwawani chaweza kukuza kilo 100 za samaki. Wakiwa samaki 400, kila mmoja atakuwa na robo kilo, naye anatosha sahani ya mtu. Wakiwa 4,000, kila mmoja atakuwa na gramu 25, yaani miiba na magamba. Tena samaki waliosongamana hudumaa, na hao waliodumaa huzaa vilevile. Mfugaji wa ng'ombe analijua jambo hili: malisho hayaongezeki kwa sababu ndama wameongezeka.

Katika kidimbwi cha nyumbani dawa ipo. Mwenyewe huweza kupanda vifaranga madume, na baada ya kuvuna hukausha maji akaanza upya. Lakini bwawa la kijiji, wanakonywa ng'ombe na watu, nani atalikausha? Na bwawa kubwa kama Masinga, lililomalizika mwaka wa 1981 katika mto Tana, hakuna awezaye kumwondoa humo samaki aliyekwisha kuzaana.

Liko jambo la pili. Tilapia wa Nile ni mwenyeji wa Turkana na Baringo, lakini katika mito ya Tana na Athi ni mgeni. Mito hiyo ina tilapia wake wa asili, na mgeni huweza kupandana nao, mbegu ikachanganyika isitengeke tena. Tazameni Ziwa Victoria. Mgeni huyu alitiwa humo katika miaka ya 1950. Leo ndiye tilapia anayevuliwa zaidi, na ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa lenyewe. Nyavu zetu na mbuta pia wana sehemu yao katika hasara hiyo, lakini mgeni naye alichukua nafasi ya mwenyeji.

Mtu ataniambia, "Karani, watoto wetu wanahitaji nyama, nawe watuzuilia samaki?" La, hasha! Samaki ni chakula bora, na tangu mwaka wa 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi, wengi wamefaidika. Ninachosema ni kwamba kidimbwi ni mali yako, bali bwawa na mto ni vya wote, pamoja na wale wasiozaliwa bado.

Kwa hiyo yatupasa haya. Usimwage vifaranga katika bwawa au mto kabla ya kumwuliza Afisa wa Uvuvi. Kidimbwi chako kisiwe mahali pa kufikiwa na mafuriko, na mdomo wa kutolea maji uzibwe kwa wavu wa matundu madogo. Na bwawa ambalo tilapia wamekwisha kulijaa, kamati ikubaliane na Afisa juu ya kuvua mara kwa mara, kwa nyavu zinazoruhusiwa na sheria.

Debe moja la vifaranga humwagwa kwa dakika moja, na wajukuu wetu hawataweza kulizoa tena. Tuulize kwanza, ndipo tumwage.