Kura za maoni: Kwa nini wa tatu hajitoi?

Msimu wa kura za maoni ukifika, pale Kidahwe barabara inapogawanyika, moja kwenda Kasulu na nyingine Uvinza, swali huwa lilelile: huyu mtia nia anaona kabisa wajumbe wamemkimbia, mbona hajitoi?

Wengi hucheka tu. King'ang'anizi huyo, ana uchu wa madaraka. Lakini kuna hesabu wanayoiruka.

Turudi Dodoma, Julai 1995. Mkutano Mkuu wa CCM unachagua mgombea urais kati ya majina matatu. Raundi ya kwanza Jakaya Kikwete anapata kura 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Msuya anatoka, ila kura zake zinabaki ukumbini. Raundi ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Yaani Mkapa kaongeza 227, Kikwete 105 tu. Waliokuwa nyuma ya aliyeshika mkia ndio walioamua. Na Kikwete aliyebwagwa siku ile? Mwaka 2005 akaingia Ikulu.

Kwenye ubunge ndiyo kabisa. Kawe, Dar es Salaam, mwaka 2020: Furaha Dominic aliongoza kwa kura 101, Angela Kiziga 85, Josephat Gwajima 79. Vikao vya juu vya chama vikarudisha jina la nani? Gwajima, wa tatu. Akagombea, akatangazwa mbunge.

Sasa kwa mtindo huo nani ajitoe? Kura ya wajumbe ni nusu ya safari. Mwaka 2025 CCM ikageuza utaratibu: Kamati Kuu ikachuja kwanza, wajumbe wakapiga kura Agosti 4, kisha majina yakapanda tena juu kuteuliwa. Neno la mwisho bado halikuwa la sanduku.

Tatizo ni kwamba bahati ya Kawe haigawiwi sawa. Gwajima alikuwa askofu anayejulikana nchi nzima kabla hajachukua fomu. Mtia nia wa huku Kigoma Kaskazini, anayetegemea michikichi yake na mkopo wa ndugu, Dodoma nani anamjua? Naye anangoja jina lirudi. Kila siku anayongoja ni mafuta ya pikipiki, vocha, na wageni wanaotaka chai. Wajumbe wanakunywa, wanampa moyo, wanaondoka. Si bure ule msemo wa "wajumbe si watu" ulishika kasi mwaka 2020.

Kwa hiyo mwenye jina kubwa akibaki, namwelewa. Huyu wa pili ndiye ningemshauri arudi shambani mapema, kabla mkopo haujawa ugomvi wa ukoo.

Ila na mjumbe ana swali lake. Amefunga genge, amepanda bodaboda kwenda kupiga kura. Kama wa tatu anaweza kurudishwa, yeye aliitwa kufanya nini?