Majalada ya Riwaya za Mapenzi: Yanatuita kwa Lipi?



Ndugu msomaji, makala haya yametokana na kitabu kimoja. Wengi wenu habari yake mnaijua, kwani hapa Bagara habari hailali ndani ya ua mmoja. Muhula uliopita, katika ukaguzi wa mikoba, ustadhi alikuta daftari lililovikwa kava la khaki na kuandikwa kwa juu "Fiqhi". Alipolifungua, halikuwa daftari. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, na khaki ilipovuliwa akatokeza dada mwenye gauni jekundu, mabega wazi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu aliye nyuma yake. Darasa zima likapiga kelele. Wavulana walicheka, wasichana wengine wakatazama chini. Kitabu kikaenda kabatini, na mwenye nacho akaambiwa asirudi mpaka aje na mzazi.

Sisi tuliopewa kazi ya kuandaa jarida la mwaka huu tulimwendea ustadhi tukamwomba kitabu kile tukisome. Alitutazama kwa muda. Mwisho alitupa kwa siku tatu, kwa sharti kwamba tukimalize na tuje tumweleze kilichomo. Tukakisoma kwa zamu. Ndani mna binti anayetaka kuozwa bila kuulizwa. Anakataa, anakwenda kwa mjomba wake, mjomba anazungumza na baba, na baada ya kurasa mia na kitu za machozi na barua, anaolewa na kijana aliyemridhia. Bwana harusi na bibi harusi hawashikani hata mkono hadi ukurasa wa mwisho. Gauni jekundu halimo. Mabega wazi hayamo. Yule dada wa kwenye jalada hayumo kabisa kitabuni!

Basi tukajiuliza: ikiwa hayumo, aliwekwa pale kwa ajili ya nani? Na kwa nini sisi sote, hata tuliocheka, tulimtazama?

Jibu jepesi tunalijua, na lilisemwa siku ileile: mwili. Jalada huvutia kwa sababu linaonyesha kisichopaswa kuonyeshwa. Hatukatai kwamba mwili unauza. Anayekataa na aende karibu na stendi, kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai, aone kipi kimewekwa mbele na kipi kimefukiwa chini. Lakini jibu hilo halitoshi, na ushahidi upo tangu zamani.

Mwaka 1908, pale London, Gerald Mills na Charles Boon walianzisha kampuni ya vitabu iliyobeba majina yao, Mills & Boon. Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo iliegemea zaidi riwaya za mapenzi, ikawa inaziuza kwa maktaba za kuazimisha, na watu wakazijua kwa jina la vitabu vya kahawia, kwani vilijalidiwa kwa rangi hiyo. Mama wa Kiingereza aliingia maktabani, akaulizia kimoja cha kahawia, akaondoka nacho. Hebu tujiulize, rangi ya kahawia ina uchi gani? Si binamu yake khaki yetu hiyo! Kilichomvuta mama yule ni kutambua. Ile rangi ilimwambia: humu mna kitu kama kile ulichokipenda wiki iliyopita. Ni kama mnunuzi wa majani ya chai anayenyoosha mkono kwenye pakiti aijuayo kabla hajasoma neno lolote. Wafanyabiashara walilielewa sana jambo hili. Mwaka 1971 kampuni ya Harlequin ya Kanada, iliyoanza mwaka 1949, iliinunua Mills & Boon, na katika mwaka huohuo uongozi wa Harlequin ukashikwa na Lawrence Heisey, mtu aliyetoka Procter & Gamble, wauza sabuni. Riwaya zikapelekwa kwenye maduka ya vyakula, kila moja ikifanana na dadaye, nayo ikauzwa kama sabuni inavyouzwa.

Hilo ni la kwanza. La pili tulilipata kwa kulitazama tena jalada la kitabu chetu, safari hii bila kelele za darasa. Kilichotushika halikuwa bega, bali kile kichwa kilichoinama. Kuna mtu anasema naye, na sisi hatusikii anachosema. Tuliyakumbuka majalada mengine tuliyowahi kuyaona, na mengi yako hivyo: mmoja anamtazama mwenzake, naye mwenzake bado hajageuka, au barua iko mkononi, haijafunguliwa. Mchoraji wa majalada haya huchagua dakika iliyo kabla ya jibu. Jibu likishatoka, nani atanunua?

Mmoja wetu, msichana, alisema neno lililotunyamazisha. Alisema kwao hakuna aliyewahi kusimama akamtazama muda mrefu vile, isipokuwa siku aliyovunja kikombe.

Mwaka 1984 Janice Radway, mtafiti wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu wanawake wa mji mmoja wa huko waliokuwa wakisoma riwaya za mapenzi kwa wingi. Wanawake wale walimweleza kwamba wanaposoma wanapata muda ulio wao wenyewe, baada ya kuwahudumia watu wote wa nyumbani. Tena katika kuchagua vitabu walimtegemea sana mama mmoja aliyefanya kazi katika duka la vitabu, ambaye alikuwa akiwashauri kipi kizuri na kipi cha kuacha. Hapa kwetu mama wa namna hiyo hayupo. Mtu mzima ambaye binti anaweza kumwuliza, "Shangazi, nisome kipi?" asijibiwe kwa kofi, yuko wapi? Akikosekana, jalada ndilo linalobaki kutushauri, na jalada ni mtumishi wa muuzaji.

Lakini tusiende mbali mno. Sisi watumiaji wa Kiswahili tunalo jalada letu, nalo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mama akiingia dukani rangi ndiyo humwita kwanza, ila kinachomfanya afungue pochi ni jina. Tumewaona mama zetu wakiirudisha kanga nzuri kwa sababu jina lake lingezua ugomvi na jirani, na tumewaona wakinunua kanga ya rangi mbaya kwa sababu jina lake lilikuwa limepata mlengwa. Riwaya za mapenzi ziko hivyohivyo. Eric Shigongo, ambaye hadithi zake zilitoka kwa mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, anayo iitwayo Rais Anampenda Mke Wangu. Hata ukiiweka ndani ya khaki tupu, jina hilo limekwisha kukuonyesha watu watatu na balaa lao. Shafi Adam Shafi aliita riwaya yake ya mwaka 1999 Vuta N'kuvute, jina ambalo lingeweza kukaa kwenye kanga lisistaajabiwe. Ndani yake mna Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, na mna mapenzi yake na Denge. Kaka zetu na dada zetu wamekuwa wakiisoma kidato cha tano na cha sita, na hatujasikia imepokonywa mkobani. Kwa nini? Kwa sababu inaitwa kitabu cha shule.

Sasa turudi kwa yule dada asiyemo kitabuni. Nani alimweka? Si lazima awe mwandishi. Mara nyingi mwandishi humaliza kazi yake, akakabidhi, na jalada likaamuliwa na anayelipia uchapaji. Uchapaji nao una hesabu zake. Kila rangi inahitaji bamba lake na wino wake, na picha yenye rangi kamili hutaka nne: buluu, waridi, njano na nyeusi. Mchapaji mwenye fedha za rangi mbili tu atachagua zipi? Nyeusi kwa ajili ya maandishi, na nyekundu kwa sababu nyekundu inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Tulilisogeza jalada letu karibu na macho tukaona ndivyo lilivyo: nyeusi na nyekundu, basi. Ngozi ya dada yule ni weupe wa karatasi uliotiwa vitone vyeusi. Huenda gauni ni jekundu kwa sababu wino uliokuwepo ni mwekundu! Na kwenye soko la Onitsha, Nigeria, katika miaka ya 1950 na 1960, vijitabu vya mapenzi vilitolewa vikiwa na picha za waigizaji wa sinema wa kigeni, ilhali hadithi ni ya binti wa Kinaijeria na baba yake. Kwetu Tanzania Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo (1965), alionyesha njia nyingine kwa jarida lake la hadithi za picha, Film Tanzania, ambamo msomaji aliwaona watu wa nchi yake. Siku hizi hadithi zinapita kwenye simu, na jalada hutengenezwa kwenye simu hiyohiyo. Bado utakuta hadithi ya Kondoa, yenye ng'ombe na mtama, imevikwa Wazungu wawili walio ufukweni.

Msitudhanie kuwa tunayatetea majalada. Jalada la kitabu kile ni la uongo, na uongo ule umemgharimu mtu. Wasomaji wa kike wa nchi nyingine pia wameonewa haya kwa ajili ya picha ambazo hawakuzichora. Huko Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, majalada ya watu waliokumbatiana, nywele zikipeperuka, yalienea mno, na mwanamitindo mmoja wa Kiitalia, Fabio Lanzoni, aliwekwa kwenye mamia yake. Wachapishaji wakabuni hata jalada la tabaka mbili: juu ua au jumba la kifahari, chini yake wale waliokumbatiana. Yaani kiwanda chenyewe kiliwashonea wasomaji kava la khaki.

Na sisi tunaosoma madrasa tuna sababu ya kuijua habari ya Kano, Nigeria, kwani wahusika ni Waislamu kama sisi. Kule wanawake wa Kihausa wameandika riwaya nyingi za mapenzi, vijitabu vya bei nafuu ambavyo mara nyingi majalada yake yana picha za wanawake waliojipamba. Mmoja wa waandishi hao ni Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa binti mdogo sana na kukatishwa masomo, akaja kusoma ukubwani. Mwaka 1990 alitoa riwaya iitwayo Wa Zai Auri Jahila?, maana yake, nani atamwoa mwanamke asiye na elimu? Inamhusu binti aliyeozwa kwa nguvu. Mwaka 2007 gavana wa Kano, Ibrahim Shekarau, aliongoza uchomaji wa vitabu vya aina hiyo katika shule ya wasichana. Serikali zina mikono yake. Hata Tanzania mwaka 1976 ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya. Wako wanaosema vitabu vingine vilistahili, na hatubishani nao juu ya kitabu walichokisoma. Tunabishana na anayehukumu kwa kuona bega.

Maana bega lile si la binti wa hadithi, wala si la mwenzetu aliyekutwa na kitabu. Yeye alilifunika! Kati ya watu wote waliogusa kitabu kile, mchapaji, muuzaji, mnunuzi wa kwanza aliyekiuza kama kikuukuu, ni yeye peke yake aliyeona haya akatafuta khaki. Kosa la kuandika "Fiqhi" juu yake lipo, na tunajua angelikiri. Lakini adhabu iliyomfika ni ya jalada, siyo ya jina la uongo juu ya daftari.

Siku ya tatu tulimrudishia ustadhi kitabu. Tulimsimulia tangu mwanzo, kwa zamu kama tulivyosoma. Tulipofika pale mjomba anapoingia sebuleni alituuliza, "Ehe, na mjomba alimwambia nini baba?" Tukamsomea ukurasa ule. Akasikiliza hadi mwisho, akakirudisha kabatini bila kusema kitu.

Tunaomba mambo mawili, na tunayaomba kwa adabu. Riwaya ikikamatwa, isomwe na mtu mzima kabla mwenye nayo hajahukumiwa. Na kwenye kabati la vitabu, juu ya rafu ile ambayo sasa inakaa chaki na mifuko mitupu, ziwekwe riwaya chache ambazo walimu wetu wenyewe wamezisoma, zenye ndoa, wivu, mahari, ahadi zilizovunjwa, na yote ambayo hatujui tumwulize nani. Majalada yakionekana mabaya, miongoni mwetu wako wachoraji. Wawili wamekwisha kulichora upya lile la kitabu chetu: binti amekaa ukumbini kwa mjomba wake, na viatu vya baba viko mlangoni.

Hadi tunapeleka makala haya kwa mchapaji, mwenzetu hajarudi. Nafasi yake mkekani iko wazi, mstari wa pili upande wa dirisha. Juzi tumempelekea barua kupitia kwa mdogo wake, pamoja na mchoro ule. Tumemwambia kwamba tumekisoma kitabu chote, kwamba mjomba yule tumempenda sana, na kwamba ustadhi amesema akija na baba yake watakizungumza.