KUKU KACHINJWA KIHALALI. JE, MPAGAZI KALIPWA?



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, kila likizo zinapokaribia naletewa swali lilelile: "Sheikh, tunataka kwenda Moshi na familia, na baadhi yetu tupande mlima. Chakula cha halali tutakipata? Swala tutaswali vipi?"

Nafurahi kuulizwa, maana zamani wengi wetu tulikuwa tukisafiri kwanza na kuuliza tukisharudi. Leo nitajibu kwa urefu. Kisha nitasema jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Kwanza, safari yenyewe. Qur'ani imetuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama alivyoumba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na milima imetajwa humo mara nyingi. Basi Muislamu wa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa asidhani Kilimanjaro ni ya watalii kutoka Ulaya peke yao. Ni meta 5,895, mrefu kuliko milima yote ya Afrika, na wengi wetu tumeuona kwenye picha na chupa za maji tu.

Kuna jambo dogo hunifurahisha kila niwapo Moshi mjini. Kibla ya pale iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo sana. Na kilele cha Kibo nacho kiko kaskazini mwa mji. Kwa hiyo ukisimama kuswali Moshi, mlima uko mbele yako. Unamsujudia Aliyeuumba, unatoa salamu, unatoka nje ya msikiti, na mawingu yakiwa yamefunguka unauona umekaa pale pale ulipokuwa umeelekea. Mwenye moyo atazingatia.

CHAKULA

Moshi mjini hakuna shida. Kuna misikiti, kuna Waislamu wenyeji, kuna mabucha na hoteli zao. Ukiona kibao cha kitimoto, pita, usigombane na mtu. Ukipanda vijijini, Marangu, Machame, Kibosho, wenyeji wengi ni Wakristo, tena ni watu wakarimu sana. Ukienda kuangalia kahawa au maporomoko ya Materuni huenda ukakaribishwa mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi. Mwenyeji hakukusudia kukukosea, amekuheshimu. Mwambie "aika", yaani ahsante, umweleze kwa tabasamu kwamba sisi hatunywi, na uombe kahawa. Hakuna Mchagga atakayekunyima kahawa.

Mlimani ndiko kwenye kupanga. Usingoje ufike kambini ndipo uanze kumhoji mpishi. Kabla hujalipa, mwandikie mwenye kampuni, akujibu kwa maandishi: nyama inunuliwe bucha la Muislamu Moshi mjini, au uinunue mwenyewe uwakabidhi. Soseji usizozijua asili yake zisiingie kwenye sufuria zenu. Pombe isiwemo kwenye mizigo. Na ujue kwamba kule juu hakuna jokofu, nyama ni ya siku za mwanzo. Baada ya hapo kuna mayai, dagaa, maharage, ndizi na wali. Mtu hafi kwa kukosa kuku siku tatu.

SWALA

Msafiri ana rukhsa yake. Adhuhuri na Alasiri anazikusanya, Magharibi na Isha vilevile, na zenye rakaa nne anazifanya mbili. Wewe mkazi wa Moshi mwenyewe, usijichukulie hukumu ya mtu aliyetoka Dar. Geti la Machame au Marangu si mbali na nyumbani kwako, kwa hiyo kaa na mwalimu wako umuulize kabla ya kupanda.

Swala inayowaponyoka wengi ni Alfajiri ya siku ya kilele. Kwa kawaida watu huondoka kambi ya mwisho, Barafu au Kibo, karibu na saa 6 usiku, ili jua liwakute juu. Maana yake Alfajiri inakukuta kwenye mteremko, gizani, baridi iko chini ya sifuri. Na Alfajiri haikusanywi na swala nyingine, wala haipunguzwi. Basi mwambie kiongozi wenu siku mbili kabla: "Ikifika wakati tunaomba dakika tano." Atakubali, maana watu husimama kwa kunywa chai. Tawadha kabla ya kuondoka, vaa soksi na viatu vinavyofunika vifundo ukiwa na udhu. Msafiri anaruhusiwa kupaka juu ya khofu siku tatu na usiku wake.

Na maji yakikushinda kwa baridi, kumbuka kisa cha Amr ibn al-Aas (radhiyallahu anhu). Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali akiwa vitani, akahofia kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alicheka, wala hakumlaumu. Vumbi liko tele mlimani. Dini hii haikuletwa kutuua.

Kwa hiyo hiyo, kiongozi akikuambia umeshikwa na ugonjwa wa kimo, kichwa kinapasuka, unatapika, unayumba, na kwamba lazima ushuke, shuka. Kufika kileleni si fardhi. Kuilinda nafsi ni fardhi.

FAMILIA

Dada zangu, safirini na maharimu zenu, na ombeni hema lenu wenyewe tangu siku ya kuandikisha. Njia ya Marangu ina mabanda ya kulala, lakini mnaweza kuchanganywa na wageni wengine, kwa hiyo ulizeni mapema. Na si lazima kila mtu afike juu. Wazee na watoto wanaweza kwenda Materuni na kurudi, au kupanda kutoka Marangu hadi Mandara, meta 2,720, na kushuka siku hiyo hiyo ndani ya msitu mzuri kabisa. Wanaotaka chemchemi ya Chemka waende siku ya kazi asubuhi. Mwishoni mwa wiki huwa kuna msongamano na mchanganyiko ambao mwenye familia hataupenda.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi.

Mwaka mmoja niliwasindikiza vijana wa msikitini mpaka geti la Machame. Mimi sikupanda, magoti yangu nayajua. Niliwapa nasaha ndefu kuhusu swala na nyama, nikawaombea dua. Siku ya sita nikawapokea geti la Mweka wanakoshukia. Walikuwa na furaha, wanaonyeshana picha. Pembeni alikaa mpagazi wao mmoja, kijana, Muislamu mwenzetu. Alikuwa amevua kiatu, na soli yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa siku analipwa shilingi ngapi. Akacheka kidogo akatazama chini. "Sheikh, sisi tunasubiri bakshishi."

Siku sita amebeba, na hakuna ujira uliotajwa.

Vijana wetu kabla ya kulipa walikuwa wameuliza habari za kuku mara tano. Habari za huyu hakuna aliyeuliza. Na mwalimu wao pia hakuuliza, mwalimu huyo ni mimi. Nilirudi Moshi usiku ule sina raha.

Ndugu yangu, fikiri. Ukipanda wewe mmoja, watu watatu au wanne huenda wakapanda kwa ajili yako. Hema lako, kitanda chako, unga wako na gesi yako viko vichwani na mabegani mwao. Wenyewe hujiita wagumu, na kweli ni wagumu. Kambi ya Barafu haina maji. Maji unayonywa pale, na yale unayotawadhia, yamebebwa na mtu kutoka bonde la Karanga. Ukiyamwaga ovyo kwa jina la udhu, umemwaga jasho la mwenzako. Mtume wetu alitawadha kwa maji yanayojaa viganja viwili.

Sasa tuseme kweli. Katika fiqhi ya ijara, ujira lazima ujulikane kabla ya kazi. Mtume ametuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi, miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake, asimpe haki yake. Hasimu wako awe Allah! Kuku gani wa halali atakuokoa hapo?

Najua mtaniambia: "Sheikh, mimi nimelipa kampuni. Dhambi ni yake." Ni kweli mwajiri ndiye wa kwanza kuulizwa. Lakini wewe nawe una akili. Ukiletewa bei ambayo, ukitoa ada za hifadhi, chakula na usafiri, hakibaki kitu, unajua wazi kuna mtu analipia safari yako kwa mgongo wake. Nyama yenye shaka tunaiacha kwa ajili ya uchamungu. Mbona bei yenye shaka tunaikimbilia na kuisifia kwamba ni punguzo? Wahenga walisema rahisi ghali, na huenda ughali wake ukaukuta Akhera.

Kwa hiyo, pamoja na maswali ya kuku na swala, ongeza haya, nayo ujibiwe kwa maandishi:

1. Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na anakabidhiwa lini?

2. Mzigo wake ni kilo ngapi? Kanuni ya hifadhi ni kilo 20, na getini kuna mizani. Lakini wapo wanaopunguza mzigo kwenye mizani na kuurudisha wakishapita kona. Angalia kwa macho yako.

3. Anakula mara ngapi kwa siku, na anakula nini? Tumefundishwa kuwalisha wanaotuhudumia katika tunachokula sisi.

4. Analala wapi? Ana koti, viatu na blanketi vya kule juu?

Pale Moshi upo mradi wa kutetea wapagazi, KPAP, unaofuatilia kampuni zinavyowatendea. Waulize, ni jambo la simu moja.

Na bakshishi? Toa, tena toa vizuri, mbele ya wote, kila mtu mkononi mwake, asipitishiwe mtu fungu la mwenzake. Lakini jua kwamba bakshishi ni ihsani na ujira ni haki. Ihsani hailipi deni la haki.

Na haki hii haiangalii dini. Mgumu Mkristo wa Kibosho ana jasho kama la Muislamu wa Machame, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Allah. Mkiwatendea uadilifu, watashuka wakisema, "Waislamu wale walituuliza tumekula." Hiyo nayo ni daawa, na haihitaji kipaza sauti.

Nendeni Kilimanjaro, ndugu zangu. Nendeni polepole kama wanavyosema wenyeji. Lakini mkifika Mweka, kabla hamjapiga picha ya mwisho, mtafuteni aliyebeba maji yenu ya udhu, mmuulize kama amelipwa.

Ewe Mola, tujaalie safari za kheri, chakula cha halali na mikono isiyokula haki ya mtu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Ukiona kuna faida humu, mfikishie na mwenzako anayepanga safari.