Tutubu Dhambi Zetu, Si za Jirani



Wapendwa Taifa la Mungu, Mama Kanisa anatufundisha kwamba sakramenti ya Kitubio inamdai mwungamaji mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Mawili ya kwanza twayafahamu vema. La tatu wengi wetu twalidhania kuwa ni zile sala chache tunazopewa na padre, tukishazimaliza tunarudi nyumbani na deni limekwisha. Juma hili twapenda kulitafakari hilo la tatu, kwa sababu katika wilaya yetu ya Kilosa kukosekana kwake kumetugharimu damu.

Tarehe 8 Desemba 2000, siku ya Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwezi Oktoba 2008 damu ikamwagika tena wilayani humu. Hata leo, ukimsikiliza mkulima, atakutajia kwa ufasaha dhambi za mfugaji: mifugo iliyoingizwa usiku katika mahindi yaliyokaribia kukomaa. Ukimsikiliza mfugaji, atakutajia za mkulima: ng'ombe waliokatwa mapanga, na njia ya kwenda mtoni iliyogeuzwa shamba. Kila mmoja amefanya uchunguzi wa dhamiri, ila dhamiri aliyoichunguza ni ya mwenzake. Ndivyo alivyosali yule Farisayo hekaluni (Lk 18:9-14), akarudi nyumbani vile alivyokuja.

Wako pia wanaojizuia kwa sababu ya woga tu. Tunaoishi Mikumi twaujua mfano wake. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Dereva hupunguza mwendo penye matuta akihofia faini ya kugonga mnyama. Akiisha kuvuka mpaka wa hifadhi, hukanyaga mafuta. Huyo hajageuka, amejizuia tu. Majuto yanayotokana na hofu ya adhabu Kanisa huyaita majuto pungufu. Haliyadharau, kwani nayo ni neema ya Mungu na yaweza kutufikisha kitubioni. Lakini mtu anayemwacha jirani salama kwa kuogopa polisi peke yake, siku polisi hawapo atafanya nini? Uongofu wa ndani ni moyo kugeuka, hata pasipo na wa kututazama.

Na moyo uliogeuka hujulikana kwa mkono unaorudisha. Zakayo (Lk 19:1-10) hakusubiri watoza ushuru wenzake wa Yeriko watubu kwanza. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Ondoleo la dhambi hutupatanisha na Mungu, lakini halirudishi magunia ya mahindi ghalani mwa mjane, wala halimfufui ndama zizini. Hayo Mungu ametuachia sisi tuyatengeneze.

Mtu atasema: "Nikikiri wa kwanza, nitaonekana nimeshindwa." Wengine watasema mambo haya ni ya serikali na mahakama. Ni kweli, penye mauaji sheria ishike mkondo wake, na mipaka ya vijiji ipimwe kwa haki. Ila hakuna hakimu awezaye kumwamuru mtu aache kumchukia jirani yake.

Kwa hiyo twawaalika, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tuanze na swali moja: ni nani hapa kijijini ananidai, na ananidai nini? Jibu likipatikana, tumwendee kabla ya kwenda kitubioni, au mara tutokapo. Asiye na cha kulipa aende na neno la kuomba radhi, naye awe tayari kusikiliza uchungu wa mwenzake mpaka mwisho, bila kujitetea.

Bikira Maria, Kimbilio la Wakosefu, atuombee. Amina.